Nyuki Kwenye Kona ya Kwale

Siku nne mfululizo nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sufuria ya shaba mapajani na ufunguo wa mlango mkononi, nikiulinda mzinga wa Bibi kama askari anayelinda hazina ya serikali. Tofauti ni kwamba askari wa serikali hachekwi na kila anayepita. Kijiji chetu cha Sallowcombe kina njia moja tu, na njia hiyo inapita mbele ya ua wetu, kwa hiyo nilichekwa na kila mtu, asubuhi wakienda kukata nyasi na jioni wakirudi.

Mzee Jabez Pook, kiongozi wa wakataji nyasi, ndiye aliyekuwa hachoki.

"Damaris, umeolewa na mzinga?"

"Afadhali mzinga, Mzee Pook. Una wakazi elfu ishirini na hakuna hata mmoja anayekoroma."

Wenzake wakacheka, naye akaweka mundu wake mrefu begani, akaondoka akitabasamu. Sikuwa nambeza bure. Huyu mzee amekuwa akimposa Bibi yangu tangu Babu azikwe, na kila akija Bibi humkalisha kwenye benchi, humpa pombe ya matofaa, kisha humuuliza habari za mgongo wake mpaka akumbuke kwamba ni mzee na aende zake.

Lakini siku ya nne sikuwa na hamu ya mzaha. Nyuki walikuwa wamejazana kwenye mlango wa mzinga, wananing'inia kama ndevu, na Bibi Keturah alitoka mara tatu kuwaangalia bila kusema kitu. Bibi yangu akinyamaza, ujue jambo ni kubwa.

Nyumba yetu sisi akina Huckle tunaikaa kwa asali. Babu alipewa na marehemu baba yake Bwana Fursdon, mwenye ardhi yote hii, kwa kushikana mikono tu: kila mwaka, Sikukuu ya Malaika Mikaeli, mitungi mitatu ya asali ipelekwe Jumba Kuu. Mwaka ambao mitungi haitafika, nyumba inarudi kwa Bwana. Kwa miaka thelathini na moja mitungi ilifika. Kisha msimu wa baridi uliopita ukaua mizinga yetu miwili kati ya mitatu.

Na kwetu asali haitoki mpaka mzinga ufe. Unachimba shimo, unachoma unga wa salfa, unaweka mzinga juu ya moshi, nyuki wanakufa, unakata masega. Kwa hiyo ukiwa na mzinga mmoja, ukiuua unalipa mwaka huu, na mwaka ujao huna kitu. Usipouua, umeshindwa mwaka huu huu. Njia ilikuwa moja tu: mzinga uzae. Kundi jipya litoke na malkia wake, tulikamate, tuwe na mizinga miwili, mmoja wa kulipa na mmoja wa kuishi.

Bwana Gandy, msimamizi wa mali za Bwana Fursdon, alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Alikuja Aprili akasimama nje ya ua, akahesabu mizinga kwa kidole, ingawa kuhesabu moja hakuhitaji kidole. Kisha akatuambia kwa upole kwamba nyumba hii itamfaa sana Obed Vellacott, mlinzi wa ndege wa Bwana, mwenye mke anayekohoa na watoto watano katika kibanda cha msituni ambacho maji hupenya kutoka sakafuni. Ameshamwahidi, akasema. Bibi akamjibu kwamba ahadi ni kitu kizuri na akafunga dirisha.

Huyo Vellacott sikuhitaji kufundishwa kumchukia. Mwaka juzi alimkamata binamu yangu Silas na sungura mmoja, mmoja tu, tena mwembamba, na Silas akala miezi miwili jela.

Basi, saa tano za mchana, jua kali, nyuki wakatoka.

Hawakuruka, walimwagika. Mlango wa mzinga ulitapika nyuki mpaka anga la ua likawa jeusi na sauti yake ikaniingia tumboni. Nilisimama nikaanza kugonga sufuria kwa ufunguo. Bibi akatoka mbio na kapu jipya la majani makavu, maana mizinga yetu ni makapu ya aina hiyo, alilokwisha kulisugua ndani kwa asali na majani yanayonukia, na shuka jeupe limefungwa kiunoni.

"Usiwaondolee macho," akasema. "Na usiache kugonga, hata ukianguka. Ukianguka, anguka unagonga."

Sheria ya nyuki haijaandikwa popote, lakini hata hakimu wa mjini haibishii. Nyuki wako wakihama, una ruhusa ya kuwafuata katika shamba la mtu yeyote na kuvuka ua wowote bila kuitwa mwizi, maadamu unawaona kwa macho na chuma chako kinalia. Chuma kikinyamaza, wamekuwa wa ardhi waliyopo.

Kundi likapanda juu ya paa, likazunguka mara mbili, likashika njia ya magharibi. Tukavuka bustani ya maharage ya jirani. Tukavuka kijito, mimi kwa daraja la gogo, Bibi kwa maji, maana alisema daraja linachelewesha. Ana miaka sitini na minane. Niligonga mpaka mkono ukafa ganzi, nikabadilisha mkono, nikagonga. Nilipoteza kiatu kimoja kwenye tope na sikurudi. Barabarani nikamwona Bwana Gandy juu ya farasi wake, amesimama anatutazama, kisha akageuza farasi akatufuata taratibu, kama mtu anayeenda kwenye karamu ambayo anajua haitaanza bila yeye.

Kundi likashuka. Nilipoona linashukia wapi, nilitamani liendelee hadi baharini.

Lilishukia Kona ya Kwale. Ni kipande cha nyasi fupi kilichozungushiwa ua wa miiba, na ndani yake Vellacott amepanga visanduku arobaini kwa mistari. Katika kila kisanduku kuna kuku amelalia mayai kumi na matano ya kwale, ili Septemba Bwana Fursdon na wageni wake wapate kitu cha kupiga risasi. Katikati ya visanduku kuna mti mmoja wa miiba. Kwenye tawi lake la chini, kimo cha kifua, nyuki wetu walikuwa wanajikusanya kama mfuko wa kahawia unaopumua.

Vellacott akatujia mbio langoni bila bunduki, kofia mkononi. Aliongea kwa kunong'ona.

"Nyamazisha hiyo sufuria."

"Haiwezekani," nikanong'ona na mimi. Sijui kwa nini nilinong'ona. Labda kwa sababu Bibi alinikanyaga mguu. Nyuki hawapendi ugomvi, wakisikia watu wanafokeana wanaondoka tena.

"Hao kuku nimewaazima kijijini kwenu," akasema. "Wote wamelelewa kwa sufuria. Mama akigonga, chakula. Ukiingia na hiyo kitu wanainuka wote arobaini, na mayai yameanza kutoboka tangu alfajiri. Yakipigwa na upepo sasa, yamekufa. Ingieni, chukueni nyuki wenu, lakini kimya."

"Tukiingia kimya si wetu tena."

"Najua."

"Ni wa Bwana. Na nyumba ni yako."

"Najua, binti Huckle. Na mayai yakifa, sina nyumba wala kibanda wala kazi. Hilo na wewe ulijue."

Nilimtazama huku nagonga polepole. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. Nikamfikiria Silas, na sungura wake mwembamba, na miezi yake miwili. Mayai mia sita. Nilichotakiwa kufanya ni kupita lango na kugonga kama kawaida, kama sheria inavyoniruhusu, na hakuna mtu Sallowcombe ambaye angenilaumu. Wengine wangeninunulia pombe. Kichwa cha kuku mmoja kikachomoza kwenye kisanduku cha mstari wa kwanza. Kisha cha pili. Wa tatu nilimfahamu, alikuwa kuku wetu mwenyewe, yule mweupe mwenye kidole kilichokatika, na alinitazama kama mtu aliyeitwa mezani.

Nikavua aproni yangu nikaizungushia sufuria mara mbili. Nikagonga. Mlio ukatoka mzito na mdogo, kama kikohozi cha mtu aliye chumba cha pili. Kuku mweupe akasubiri, akasubiri, akashusha kichwa.

Bibi alikuwa ameshapita lango.

"Wewe simama hapo juu ya lango," akaninong'oneza. "Waone, wagongee. Sheria haikusema anayegonga na anayekamata wawe mtu mmoja."

Nikapanda lango. Nikaona kila kitu: visanduku, mti, mfuko wa nyuki, na Bibi yangu akitembea katikati ya mistari, gauni limelowa mpaka magotini, kila hatua kama anapita katikati ya watoto waliolala. Vellacott alikuwa pembeni yangu na hakuwa anatazama nyuki. Alikuwa anatazama kuku, midomo yake ikisogea. Upande wa pili wa ua, katika shamba la jirani, wakataji nyasi wa Mzee Pook walikuwa wamesimama na kujipanga kwenye miiba kututazama.

Bwana Gandy akafika. Alishuka kwenye farasi, akamfunga, akaja kwa miguu, na kwa haki yake niseme kwamba alikanyaga kwa uangalifu. Mayai yale yalikuwa yake pia, kwa njia ya kusimamia.

"Binti Huckle," akanong'ona, "lango hilo ni la Bwana Fursdon. Shuka."

"Nafuata nyuki, Bwana."

"Nyuki wamesimama. Hufuati kitu, umekalia lango." Akatabasamu. "Naona umepata elimu mjini. Hawakukufundisha maana ya neno kufuata?"

"Walinifundisha, Bwana. Walisema ni kile unachotufanyia sisi tangu Aprili."

Pale nilikosea. Tabasamu likamtoka usoni kama limefutwa na kitambaa. Akanyoosha mkono akaikamata sufuria, aproni na vyote, akaivuta. Mimi nikavuta. Lango likalia. Kuku wanne wakanyanyua vichwa, na Vellacott akatoa sauti ndogo kooni, sauti ambayo sikuwahi kumsikia mtu mzima akiitoa. Ningeendelea kuvuta, lango lingeanguka na kelele yake. Nikaachia.

Kimya.

Bwana Gandy akaishika sufuria kifuani kwa mikono miwili. Kule katikati, Bibi alikuwa amefika chini ya mti, kapu limeinuliwa, na alipokosa kusikia mlio akageuza uso wake kunitazama. Sijawahi kumwona Bibi akinitazama vile. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua tu kama imekwisha.

Nilivuta pumzi moja. Ya pili. Ya tatu.

Ndipo nyuma ya miiba kitu kikaanza: shwii, shwii, shwii. Mzee Pook alikuwa amesimamisha mundu wake, ncha juu, na anapitisha kinoo kwenye makali, upande huu, upande ule. Yule wa pembeni yake akatoa kinoo mfukoni na yeye. Kisha wa tatu. Wakawa wanane, chuma chote cha shamba kinaimba, na kuku arobaini hawakutikisa unyoya. Kwa nini watikisike? Wamesikia miundu ikinolewa tangu Juni ianze. Sauti hiyo kwao si chakula wala hatari, ni wanaume tu.

Bwana Gandy akaenda kwenye miiba.

"Acheni mara moja," akanong'ona, na mnong'ono ukamtoka na mate.

"Tuache nini, Bwana?" akauliza Mzee Pook kwa sauti ya chini, bila kuacha.

"Mnajua."

"Nyasi za leo ngumu mno, Bwana. Mundu butu unamaliza mgongo. Muulize Mama Huckle, anaujua mgongo wangu wote."

Hakuna aliyecheka, na mimi ndiye niliyestahili kucheka kuliko wote. Nilikuwa nimeng'ang'ania lango kwa vidole kumi nikimtazama Bibi. Aliweka kapu chini ya tawi. Akalishika tawi kwa mkono mtupu. Akalitikisa mara moja tu, kwa nguvu, kama mtu anayemwamsha mvivu. Mfuko wote ukaanguka ndani ya kapu kwa kishindo laini. Akatandaza shuka, akaligeuza kapu juu yake, akasubiri akiwa amechuchumaa. Nyuki waliobaki nje wakaanza kutembea kwa miguu kuelekea mlangoni, mstari baada ya mstari, hivyo tukajua malkia yumo. Miundu ilinolewa mpaka wa mwisho akaingia. Sijui yale makali yalikuwaje mwishoni. Nadhani ungeweza kunyolea mtoto mchanga.

Bibi akafunga ncha nne za shuka, akarudi na kapu mikononi. Alipofika langoni, Bwana Gandy alikuwa amesimama mbele yake.

"Weka chini, Mama Huckle. Chuma kilinyamaza."

"Ulikinyamazisha wewe," nikasema.

"Kilinyamaza. Sheria yenu haiulizi kwa nini." Akageuka kwa Vellacott. Alikuwa ametulia sasa, hata akairudisha sufuria mikononi mwangu kwa adabu. "Na kwa desturi yenu hiyo hiyo, shahidi ni mtunza ardhi ambapo nyuki wametua. Siyo mimi, siyo wakata nyasi. Basi na aseme. Vellacott, ulikuwa umesimama hapa. Kilinyamaza au hakikunyamaza?"

Niliona alivyomtazama. Hakuhitaji kuongeza neno. Kila mtu pale alijua nyumba ile ina vyumba viwili vikavu, jiko linalotoa moshi nje na siyo ndani, na kisima mlangoni. Wakataji nyasi waliacha kunoa. Bibi hakumwomba. Alilikumbatia kapu akamtazama Vellacott usoni, na kapu lilikuwa linavuma.

Chuma kilikuwa kimenyamaza pumzi tatu. Mimi nilizihesabu, na yeye alikuwa hatua mbili kutoka kwangu.

Vellacott akavaa kofia yake.

"Sikusikia kikinyamaza," akasema.

"Ulikuwa hapa hapa."

"Nilikuwa nasikiliza kuku, Bwana. Ndiyo kazi unayonilipia. Nilichosikia ni chuma, mwanzo hadi mwisho."

"Chuma cha nani?"

"Sikio langu halijui majina."

Bwana Gandy alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua mara ya pili akidhani ameruka mstari. Kisha akamwambia, kwa sauti ile ile ya upole aliyotuletea Aprili, kwamba ni jambo zuri kuwa kibanda cha msituni kinampendeza, kwa kuwa atakikaa muda mrefu. Akaenda kwa farasi wake. Hakukanyaga kwa uangalifu tena, lakini kuku walikuwa wamemzoea.

Bibi alipita lango. Akasimama karibu na Vellacott.

"Mkeo Hepzibah bado anakohoa?"

"Bado, Mama Huckle. Usiku zaidi."

Bibi akatikisa kichwa, akaendelea na njia. Mimi nikabaki nyuma kutafuta la kusema. Kwa kawaida silitafuti, linanijia lenyewe na kunitia matatani. Safari hii nilisimama na sufuria yangu kama mjinga.

Yeye ndiye aliyeanza. "Binamu yako bado ni mwizi," akanong'ona.

"Na wewe bado ni mbwa wa Bwana Fursdon."

"Ndiyo," akasema, na akapiga magoti kwenye kisanduku cha kwanza, akapitisha mkono chini ya kuku wetu mweupe. Mkono ulitoka na kitu kidogo kilicholowa, chenye mdomo. Akakirudisha haraka kwenye joto, akahamia kisanduku cha pili.

Septemba tuliua mzinga wa zamani, na kwa Sikukuu ya Mikaeli nikabeba mitungi mitatu hadi Jumba Kuu. Bwana Gandy aliionja yote mitatu kwa kijiko, akakuta ni asali. Kulibaki mtungi mmoja mdogo, wa kwetu wa mwaka mzima. Bibi akanituma nao msituni, kwa kifua cha Hepzibah, na akaniagiza nisiseme neno la shukrani wala la mzaha, nikiuweka mlangoni niondoke. Niliuweka. Kizingiti cha kile kibanda kilikuwa kimeoza, ukikibonyeza kwa kidole kinatoa maji.

Baada ya wiki mtungi ulikuwa juu ya ukuta wa nje kwetu, umeoshwa, mtupu, bila ujumbe. Oktoba yote mvua ilinyesha. Nilikuwa nimerudi kwenye kazi yangu ya kufundisha watoto wa kijiji herufi darasani, na wale wawili wakubwa wa Vellacott walikaa mbele, karibu na moto, nguo zao zikitoa mvuke. Wenzao wakaanza kuwatania kwamba wanachemka. Ni mzaha mzuri, ningeusema mimi mwenyewe mwaka uliopita. Niliwaambia wanyamaze waendelee kuandika.